Neno lililokatazwa kwenye tangazo: kisa cha krimu za kujichubua Afrika Kusini

Mwaka 1990 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, katika vipodozi vyote. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani kufika huko, na kanuni zile hazikuishia kwenye kemikali. Zilikataza pia tangazo lolote la kipodozi kudai kwamba kinachubua ngozi, kinaipunguzia weusi au kinaifanya nyeupe. Kopo lilifungiwa, na maneno yaliyokuwa yakiliuza yakafungiwa pamoja nalo.

Sisi wa Afrika Mashariki tumepambana na krimu hizi kwa zaidi ya nusu karne, na mkorogo bado unapatikana kwenye kila mtaa. Ndiyo maana kisa cha Afrika Kusini kinastahili kusomwa kwa utulivu tangu mwanzo wake. Kinaonyesha jinsi tangazo linavyoweza kuingia kwenye kioo cha mtu akajiona ana kasoro, na jinsi kasoro hiyo inavyogeuka ugonjwa wa kweli. Kinaonyesha pia kwamba sheria inaweza kumfuata muuzaji badala ya kumfuata mwanamke.

Mwaka 1950 Bunge la wazungu la Afrika Kusini lilipitisha sheria ya kuandikisha kila mtu kwa mbari yake. Aliyeandikwa Mweusi alibeba pasi, aliishi alikopangiwa na alipata kazi aliyoachiwa. Aliyeandikwa chotara alikuwa na nafuu kidogo, na katika eneo la Rasi ya Magharibi, upande wa Cape Town, machotara walipewa kipaumbele cha ajira mbele ya Waafrika. Maofisa walikata shauri kwa kutazama sura: rangi, pua, nywele. Kulikuwa na kipimo cha kuchomeka penseli kwenye nywele za mtu kuona kama itakaa au itaanguka. Familia moja iliweza kugawanywa, ndugu huyu akaandikwa hivi na yule vile.

Naanza na hayo kwa sababu nimechoka kusikia wanawake waliotumia krimu wakiitwa wajinga. Mwanamke wa Soweto mwaka 1960 aliona kwa macho yake nani anapokelewa vizuri dukani, nani anapata kazi ya kukaa mezani, nani anaposwa haraka. Tangazo halikumletea uongo mtupu. Lilichukua dhuluma iliyokuwepo, likaificha chanzo chake, kisha likamwambia dawa iko kwenye kopo la shilingi chache.

Na matangazo yalikuwa mengi. Jarida la Drum lilianza mwaka 1951, likawa jarida linalopendwa na wasomaji weusi wa mijini, na baadaye likawa na matoleo ya Afrika Magharibi na Afrika Mashariki. Liliandika habari za jela, za mashamba ya wazungu, za muziki wa jazi na ndondi. Waandishi wake walikuwa hodari na jasiri. Lakini kurasa zilizolipia kazi yao zilijaa krimu za kung'arisha uso: Karroo, Artra, Ambi na nyingine nyingi. Msomaji aliweza kusoma makala inayoulaani ubaguzi upande wa kushoto, na upande wa kulia akaona uso ulioahidiwa kuwa mweupe zaidi ndani ya wiki chache. Sidhani wahariri wale walipenda hali hiyo. Jarida la watu maskini liliishi kwa tangazo, na waliokuwa na fedha za kutangaza kwa watu weusi walikuwa wachache. Wauzaji wa krimu walikuwa miongoni mwao.

Ukiyatazama matangazo hayo kwa makini unaona ufundi wake. Aliyeonyeshwa hakuwa mzungu. Alikuwa Mwafrika nadhifu, mara nyingi mtu wa kazi ya heshima kama muuguzi au mwalimu, au mrembo wa mashindano ambayo kampuni za vipodozi zenyewe ziliyadhamini. Rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde. Kwa hiyo msomaji hakuambiwa awe mzungu, jambo ambalo angelikataa kwa hasira; aliambiwa awe yeye mwenyewe, ila msafi zaidi, laini zaidi, wa mjini zaidi. Weusi ulitajwa pamoja na madoa, chunusi na uchovu wa jua, kana kwamba vyote ni uchafu wa aina moja unaoweza kusuguliwa ukatoka. Hapo ndipo palipokuwa na sumu. Mtu hawezi kubishana na tangazo linalomwambia rangi yake ya kuzaliwa ni dalili ya kutojitunza. Atakachofanya ni kwenda kujitazama kwenye kioo.

Wanaume nao walilengwa kwa krimu zao. Na watu walinunua. Utafiti wa soko uliofanywa mijini uliziweka krimu hizi katika nafasi ya nne kwa bidhaa zilizotumika zaidi na wanawake Waafrika, baada ya sabuni, chai na maziwa ya kopo. Kampuni moja kubwa ilikuwa Twins, ya ndugu mapacha wa Johannesburg, Abe na Solly Krok, ambao krimu yao ya Super Rose ilijulikana nchi nzima. Miaka mingi baadaye familia hiyo iliingia katika biashara ya kasino, na sehemu ya masharti ya leseni ikawa kujenga mradi wa faida kwa jamii. Ndivyo lilivyojengwa Jumba la Makumbusho ya Apartheid, lililofunguliwa mwaka 2001. Naona ni haki kila anayelitembelea ajue hilo pia.

Sasa tuje kwenye ngozi yenyewe.

Krimu za mwanzo zilitumia zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini haikai juu tu. Hupenya, huingia kwenye damu na hukusanyika kwenye figo. Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka kwetu. Mwaka 1972 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 wa Nairobi, watu wazima ambao figo zao zilikuwa zikivujisha protini kwenye mkojo na miili yao kuvimba. Asilimia 53 walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Miongoni mwa wagonjwa wengine waliolazwa kwa maradhi ya kila aina, waliotumia walikuwa asilimia 11. Baadhi ya wagonjwa wale wa figo walipata nafuu walipoacha krimu. Hawa walikuwa wakazi wa Kenya huru, nchi isiyokuwa na sheria ya mbari wala penseli ya kuchomeka kwenye nywele, lakini krimu na picha zake zilikuwa zimekwishafika.

Afrika Kusini iliondoa zebaki katikati ya miaka ya 1970, na kufikia hapo viwanda vilikuwa vimekwishahamia kwenye haidrokwinoni. Kemikali hii hutumika katika kusafisha picha za filamu. Habari za kemikali za jamii hii kuondoa rangi ya ngozi zilianza kiwandani: mwishoni mwa miaka ya 1930, wafanyakazi weusi wa kiwanda cha kusindika ngozi za wanyama huko Marekani walitokwa na mabaka meupe mikononi, na madaktari wakafuatilia hadi kwenye glavu za mpira walizovaa, ambazo zilikuwa na kemikali ya ukoo huo. Jeraha la mfanyakazi ndilo lililotoa wazo la biashara.

Mwaka 1975 daktari wa ngozi wa Pretoria, G. H. Findlay, pamoja na wenzake, walieleza ugonjwa mpya walioukuta kwa wanawake weusi waliotumia haidrokwinoni kwa miaka mingi. Kitaalamu unaitwa okronosisi. Ngozi ya mashavuni, puani na kuzunguka macho, yaani pale jua linapopiga, inageuka kuwa na rangi ya kijivu inayoelekea bluu na weusi, halafu inakuwa na vipele vidogo vigumu. Watu wa vitongojini waliyaita mabaka hayo chubabas. Yalionekana hadharani, na kila mtu alijua yanasababishwa na nini.

Mwendo wa ugonjwa huu unahitaji kuelezwa polepole, kwa sababu ndipo tangazo na mwili vinapokutana. Miezi ya mwanzo krimu hufanya kazi. Ngozi inapungua weusi na mtumiaji anapata sifa. Baada ya muda jua linaanza kuichoma ngozi iliyopoteza kinga yake, na kemikali inayoendelea kupakwa inaacha mabaki ndani ya ngozi. Mabaka ya kwanza yanatokea. Mtumiaji anayaona kama madoa, na tangazo limekwishamfundisha kwamba dawa ya madoa ni krimu ileile. Anapaka zaidi. Mabaka yanazidi. Akijaribu kuacha, rangi ya zamani inarudi bila mpangilio huku mabaka yakibaki palepale, na uso unakuwa mbaya kuliko alivyouacha. Kwa hiyo haachi. Mteja aliyeharibiwa na bidhaa ndiye anayeinunua kwa uaminifu mkubwa kuliko wote, na ugonjwa wenyewe hauna tiba ya kutegemewa hadi leo.

Serikali ya makaburu haikuwa na haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliweka kikomo cha asilimia 2 ya haidrokwinoni na kutaka krimu ziwe na kinga ya jua. Viwanda vilisema sasa ni salama. Mwaka 1989 uchunguzi mwingine wa madaktari ulikuta okronosisi kwa asilimia 42 ya wanawake na asilimia 15 ya wanaume waliochunguzwa. Namba hizo zinatisha, na zilivunja kabisa hoja ya kipimo kidogo kisicho na madhara.

Lakini madaktari peke yao hawakuwa wamefanikiwa kwa miaka kumi na tano. Kilichowasukuma mbele ni watu waliokuwa wakisema jambo hili kwa lugha nyingine tangu mwisho wa miaka ya 1960. Vuguvugu la Kujitambua kwa Weusi, lililojengwa na Steve Biko na wanafunzi wenzake, liliona kwamba ukandamizaji hukamilika pale anayekandamizwa anapojidharau mwenyewe. Krimu na tangazo lake zilikuwa mfano ulio wazi, uliokaa kwenye meza ya kila chumba cha kulala. Vijana walianza kukataa. Kufikia miaka ya 1980 wapinzani wa apartheid, vyama vya kutetea walaji na madaktari wa ngozi walikuwa wakidai jambo moja. Walileta mezani picha za nyuso zilizoharibika, na pia picha za matangazo. Ndiyo maana, naamini, kanuni za 1990 ziligusa vyote viwili. Daktari peke yake angeomba kemikali iondolewe. Mwanaharakati aliuliza ni nani aliyempa muuzaji haki ya kusema ngozi nyeusi ni doa.

Linganisha na tulichofanya Tanzania. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ingekuwa marufuku kuvaa minisketi, wigi na suruali za kubana, na kutumia krimu za kujichubua. Nia ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Kilichotokea mitaani, hasa Kariakoo, ni vijana wa kiume kuwakamata na kuwadhalilisha wanawake. Wasomaji waliandika barua nyingi magazetini, wengine wakiunga mkono, wengine wakiuliza kwa nini utamaduni unalindwa kwa kuvua watu nguo hadharani. Aliyeagiza krimu kutoka nje na aliyechapisha tangazo lake hawakusimamishwa barabarani na mtu. Mzigo wote uliangukia mwili wa mwanamke, na ulipopita upepo wa operesheni, krimu zilirudi.

Marufuku za baadaye zilikuwa za busara zaidi. Kenya ilizipiga marufuku krimu zenye haidrokwinoni, zebaki na steroidi mwaka 2001. Tanzania ilifuata mwaka 2003 kupitia mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Tunasikia kila mara shehena imekamatwa na kuteketezwa. Kazi hiyo ni halali na ninaiunga mkono. Inakwama kwa sababu mipaka ni mirefu na faida ni kubwa, na kwa muda mrefu wakubwa wa nje walishiriki: Ulaya ilizuia zebaki kwenye vipodozi vinavyouzwa kwake tangu miaka ya 1970, lakini viwanda vyake viliendelea kutengeneza sabuni za zebaki za kupeleka Afrika, hadi sheria ya mwaka 2003 ilipokataza kuzisafirisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliokwenda kupima zebaki ya wachimba dhahabu kandokando ya Ziwa Victoria walikuta viwango vikubwa kwenye nywele za watu ambao hawakuwahi kugusa dhahabu. Ilitoka kwenye sabuni ya kuogea.

Wakati huohuo tangazo halikuguswa kwa uzito ule. Ukipita Kariakoo, River Road au Kisutu, au ukifungua simu yako, utaona seti za losheni, vidonge na hata dripu, na picha mbili zilizowekwa ubavuni mwa nyingine, kushoto mweusi na kulia mweupe. Picha hizo ni zilezile za miaka ya 1950. Kilichobadilika ni kwamba mrembo wa tangazo sasa ni dada tunayemfahamu, anayejibu ujumbe wetu kwa upole na kutuita "mpenzi". Nguvu yake ni kubwa kuliko ya ukurasa wa jarida, na hakuna mhariri wa kumuuliza chochote. Binti wa kidato cha nne anayejiona mbaya kwa sababu ya video anazotazama usiku hawezi kusaidiwa na mzigo uliochomwa moto jalalani. Akiikosa krimu ya kiwandani, atakorogewa nyumbani, na hapo hata kiasi cha kemikali hakijulikani.

Sitaki kuifanya Afrika Kusini paradiso. Utafiti wa Durban uliochapishwa mwaka 2015, ukiongozwa na daktari wa ngozi Ncoza Dlova, ulihoji wanawake 600 wenye asili ya Kiafrika na ya Kihindi, na theluthi moja hivi walisema wanatumia bidhaa za kung'arisha ngozi. Krimu haramu zinaingia kwa mipaka na kuuzwa vibandani. Wafanyabiashara halali nao walijifunza kupita pembeni: badala ya weupe wanauza "mng'ao" na "rangi iliyo sawa". Kuna wanaosema hiyo inathibitisha kwamba kukataza maneno hakuna maana.

Sikubaliani nao, na sababu yangu ni hii. Mwaka 2020, dunia ilipoandamana kwa kifo cha George Floyd, Unilever iliondoa neno linalomaanisha weupe kwenye jina la krimu yake ya Fair & Lovely inayouzwa India na kwingineko, L'Oréal ikasema itaondoa maneno ya namna hiyo, na Johnson & Johnson ikaacha kuuza baadhi ya bidhaa zake za kung'arisha. Kampuni tajiri haihangaiki kubadili neno lisilo na kazi. Afrika Kusini ilikuwa imewanyang'anya watangazaji neno hilo miaka 30 kabla. Mtoto aliyezaliwa huko mwaka 1991 bado alikutana na krimu, lakini alikua bila kampuni kubwa kuruhusiwa kumwambia waziwazi, redioni na kwenye jarida la mama yake, kwamba rangi yake inahitaji kuondolewa.

Na watu waliozoea kulidai hilo hawakulala. Septemba mwaka huohuo wa 2020, maduka ya Clicks ya Afrika Kusini yaliweka kwenye tovuti yao tangazo la bidhaa za nywele za TRESemmé lililoonyesha nywele za mwanamke mweusi kama kavu na zilizoharibika, na za mzungu kama za kawaida. Chama cha EFF kiliitisha maandamano, maduka mengi yakafungwa kwa siku kadhaa, na bidhaa hizo zikaondolewa kwenye rafu. Hakuna aliyesubiri daktari athibitishe madhara kwanza.

Kwetu, kanuni ya namna hiyo inaweza kuandikwa bila maabara wala mzani. TBS na mwenzake wa Kenya, KEBS, zina orodha ndefu ya viambata sumu. Zinaweza kuongeza kifungu kinachokataza kipodozi chochote, kiwe na sumu au kisiwe nayo, kutangazwa kwa ahadi ya kubadili rangi ya mtu, kibaoni, redioni au mtandaoni. Atakayeadhibiwa awe mwenye duka, mwenye kituo cha redio na mwenye ukurasa uliolipwa. Aliyejipaka asiguswe, yeye anahitaji kliniki ya ngozi ambako ataambiwa namna ya kuacha kidogokidogo bila kuchekwa.